Darasa Linaloshikwa Mlangoni

Kila aliyesoma shule ya Kenya anaikumbuka karatasi moja: orodha ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, kiranja wa darasa huketi mbele na kalamu, na anayefungua kinywa huandikwa jina. Akirudia, huwekewa alama ya kujumlisha. Akicheka kwa kuandikwa, alama nyingine. Mwalimu akirejea hukabidhiwa karatasi, huyasoma majina kwa sauti, na enzi zetu kilichofuata kila mtu alikijua. Karatasi hiyo ingali hai. Mwalimu mgeni akiripoti shuleni, mara nyingi ndicho chombo cha kwanza cha nidhamu anachowekewa mkononi, naye hukipokea kwa shukrani kwa sababu hakuna aliyempa kingine.

Namjua mwalimu mmoja wa shule ya msingi, upande wa juu wa Karatina ambako mashamba ya kahawa yanaishia na ya majani chai yanaanza, ambaye haipokei orodha hiyo. Kiranja akimletea, humwambia, "Asante, kaa sasa tufanye kazi," na karatasi inabaki mkononi mwa kiranja. Simtaji jina kwa sababu yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Shuleni anaitwa Madam, kama wanavyoitwa walimu wa kike nchini kote, ila pale wakisema Madam bila kuongeza jina, wanamaanisha yeye. Nimepata nafasi ya kuketi nyuma ya darasa lake, na ya kumwona akiketi nyuma ya madarasa ya wengine. Kazi hii ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Haimo katika ratiba wala halipwi kwa ajili yake: kuwashika mkono walimu wapya hadi waweze kulishika darasa na kuzungumza na mzazi bila kutetemeka.

Ukitaka kumwelewa, anza mlangoni. Kabla ya kengele ya somo la kwanza huwa amesimama kizingitini, bega moja ndani na jingine nje, hivi kwamba anaona ujia na madawati kwa wakati mmoja. Watoto hupita mbele yake mmoja mmoja. Kila mmoja anapata neno lake. "Sweta imekauka?" "Shosho ameamkaje?" "Kidole kimepona?" Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka na jua lisionekane hadi saa sita, swali la sweta si salamu ya mzaha: mtoto aliyevaa sweta mbichi atatetemeka, na mtoto anayetetemeka hawezi kuandika, na asiyeandika atamchokoza jirani yake. Katika dakika hizo chache Madam huwa amekwisha kujua nani hajanywa chai, nani amelia njiani, na ni wawili gani waliogombana kwenye daraja na hawapaswi kukaa pamoja asubuhi hiyo. Akishaingia, anawahamisha kwa sababu nyingine kabisa: huyu aje amsaidie kugawa madaftari, yule akae karibu na dirisha amwangalizie mche wa maharagwe wanaoufanyia uchunguzi.

Ubaoni tayari kuna kazi. Hesabu tatu, zimeandikwa kabla mtoto wa kwanza hajaingia, na ya kwanza ni rahisi kiasi kwamba hata aliyelala vibaya ataiweza. Watoto wanaketi huku wakiandika. Walimu wengi hupoteza dakika za mwanzo wakitafuta chaki, wakiita majina ya rejista, wakiuliza kitabu kiko wapi. Dakika hizo zisipopewa kazi na mwalimu, watoto huzipa kazi yao.

Siku moja alikuwa akiwasomea hadithi kwa sauti. Mvulana wa dawati la nyuma alianza kurusha mbegu za chungwa, moja baada ya nyingine, kwenye kola ya msichana wa mbele yake. Madam hakuacha kusoma. Sauti haikupanda wala kushuka. Alitembea taratibu kati ya madawati huku akiendelea, akafika kwa yule mvulana, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kitabu chake, palepale penye mstari aliokuwa akiusoma, akasimama hapo kwa muda wa sentensi moja, kisha akaendelea na safari yake hadi dirishani. Darasa zima halikujua kwamba kuna lililotokea. Mvulana alijua. Mbegu zilizobaki alizitia mfukoni.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakumtaja. Akasema mtoto ukimtaja mbele ya wenzake umempa jukwaa, na akiwa jukwaani itambidi acheze. Mchumaji chai mzoefu wa Ragati huwa haangalii vidole vyake. Mkono unajua majani mawili na chipukizi huku macho yakitazama mstari unaofuata. Madam yuko hivyo darasani, na uzuri wa kazi yake ni kwamba usipoketi na kutazama kwa makini hutaona kitu chochote.

Kuna utafiti unaomuunga mkono, ingawa sidhani amewahi kuusoma. Mmarekani Jacob Kounin alichapisha mwaka 1970 kitabu kuhusu nidhamu na usimamizi wa darasa. Alianza na swali ambalo kila mwalimu mpya huuliza: mtoto akikosea, nimkemee vipi? Alirekodi madarasa kwa video, akalinganisha makemeo makali na ya upole, ya wazi na ya mafumbo. Hakuona kwamba namna ya kukemea ndiyo iliyotofautisha madarasa matulivu na yenye vurugu. Tofauti ilikuwa imekwisha kutokea kabla ya kosa. Walimu waliofaulu walijua kinachoendelea kila pembe ya chumba na watoto walijua kwamba wanajua; waliweza kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja; na somo lao lilikwenda mfululizo bila mapengo ya kungoja. Ukiyasoma hayo halafu ukaketi katika darasa la Madam, ni kama kumwona mtu akiyatenda moja baada ya jingine.

Kazi ya kuwafundisha walimu wapya kulishika darasa imekuwa na uzito zaidi tangu sheria ya adhabu shuleni ilipobadilika. Kanuni za nidhamu za mwaka 1972 ziliruhusu kiboko shuleni kwa masharti. Mwaka 2001 serikali ilizifuta. Katiba ya 2010 ikamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kikatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga au kumtesa kiakili, na kuweka faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Naiunga mkono sheria hiyo bila kusita. Lakini aliyemnyang'anya mwalimu kiboko alipaswa kumfundisha mbinu nyingine siku ileile, na hilo lilifanyika kwa uchache mno. Walimu vijana wa leo wengi wao walisoma chini ya mfumo wa 8-4-4 na walichapwa wakati kuchapa tayari kulikuwa ni kosa. Wanajua kwa miili yao jinsi darasa linavyotulizwa kwa hofu. Hawajawahi kuona likitulizwa kwa njia nyingine, na jambo ambalo hujaliona ni vigumu kulifanya.

Ndipo ikaja sekondari msingi. Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 walibaki katika shule za msingi badala ya kuhamia kwingine, na Tume ya Huduma za Walimu ikapeleka maelfu ya walimu wanagenzi kuwafundisha, wengi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kijana aliyesomea kufundisha biolojia na kemia alijikuta mbele ya watoto wa miaka 12 na 13, akiwa na masomo ambayo hakuyasomea, katika shule ambayo walimu wa msingi walimwona mgeni na watoto walimwona kaka. Nyeri ina vyuo vya ualimu vya Kagumo na Kamwenja, na wanaotoka huko hufanya mazoezi ya kufundisha kabla ya kufuzu. Hata hivyo siku mkaguzi wa chuo anapoketi nyuma, watoto hutulia kwa heshima ya mgeni. Mwalimu anapata alama nzuri kwa darasa ambalo hakulishika yeye.

Mmoja wa wanagenzi hao alipelekwa shuleni kwa Madam kutoka Kakamega. Kufikia Jumatano ya kila wiki sauti ilikuwa imemkauka. Madam hakumwita ofisini kumshauri. Alimwomba ruhusa aketi nyuma ya darasa lake kipindi kimoja, na akaingia na daftari la kurasa 32, lile la bei ya chini kabisa dukani. Alikuwa amepiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto huandika anachofanya mwalimu, upande wa kulia wanachofanya watoto, na pembeni saa. Basi. Hakuna "vizuri", hakuna "ungepaswa". Wakati wa chakula cha mchana, huku sahani za githeri zikizungushwa, alimpa daftari ajisomee.

Kijana alisoma kimya. Upande wa kushoto palikuwa na maneno yaleyale yakijirudia: Fungueni ukurasa wa 41. Fungueni ukurasa wa 41. Nimesema fungueni. Mara ya nne aligonga meza. Upande wa kulia, mbele ya mara tatu za kwanza, palikuwa na neno moja: wanaongea. Mbele ya mara ya nne: wanafungua. Alitazama juu, akasema, "Kumbe nimewafundisha kwamba mara tatu za kwanza hazina maana." Madam aliitikia kwa kichwa, akamsogezea chumvi.

Kwangu huo ndio ustadi wenyewe. Angeweza kumwambia hayo kwa sentensi moja, na kijana angeitikia "Ndiyo Madam" na kesho yake angegonga meza tena. Alimwachia aone mwenyewe, kisha akampa jambo moja tu la kufanya wiki hiyo. Asimame mahali pamoja, angoje, aseme mara moja kwa sauti ya chini kuliko yao, kisha aanze kazi na wale waliokwisha kufungua. Kijana aliogopa ukimya ule wa kungoja; alisema sekunde kumi mbele ya watoto 50 zinahisi kama mwaka. Madam akamwambia avute pumzi na ahesabu madirisha. Ilimchukua majuma kadhaa na siku nyingine alirudi kupiga kelele. Madam hakumlaumu. Alifungua ukurasa mpya, akapiga mstari katikati.

Yapo mambo mengine anayoyafundisha kwa mtindo huo, moja kwa wakati wake. Usitishe adhabu ambayo saa tisa na nusu, ukiwa umechoka na matatu inakungoja stendi, hutaweza kuitimiza. Ukimshtaki mtoto kimakosa mbele ya darasa, muombe radhi mbele ya darasa hilohilo, kwa sauti ileile. Mtoto mkorofi mpe kazi ya mikono kabla hajaitafuta. Usimweke mtoto nje ya mlango, maana huko nje hafundishwi na mtu, na ndilo alilokuwa akilitaka. Jambo la kuomba radhi ndilo linalowashinda wengi. Nimewaona walimu wenye shahada wakigeuka rangi walipoambiwa hivyo. Wachache waliojaribu walisimulia kwamba mtoto waliyemuomba radhi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwabebea vitabu siku iliyofuata.

Kuhusu ile orodha ya wapiga kelele, ana sababu nzito ya kuikataa, na kila mwalimu wa Nyeri wa umri wake anaijua. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwachoma moto viranja wanne usiku, wakiwa wamelala vyumbani mwao, nao wakafa. Sisemi kwamba karatasi ya majina inaleta moto. Lakini shule inapomfanya mtoto kuwa askari juu ya watoto wenzake, inamtwika chuki ambayo ni ya watu wazima kuibeba. Madam anapomrudisha kiranja kwenye dawati lake bila kuipokea orodha, anamlinda. Viranja wa darasa lake wana kazi: hugawa vitabu, hufuta ubao, humpeleka mgonjwa kwa mwalimu wa zamu. Hawaandiki jina la mtu.

Upande wa wazazi ni mgumu zaidi, na hapa ndipo walimu wapya huumia. Mlima Kenya ni mahali ambapo mzazi ana hati ya umiliki ya shule moyoni mwake, na ana haki nayo. Baada ya mzozo na wamishonari mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana, wazazi wengi wa Kikuyu waliwaondoa watoto wao katika shule za misheni na kujenga zao wenyewe, chini ya vyama kama KISA, kile chama cha shule huru za Wakikuyu. Shule hizo zilipokosa walimu, mwaka 1939 chuo cha ualimu kilifunguliwa Githunguri, Kiambu, kikiongozwa na Mbiyu Koinange. Serikali ya kikoloni ilifunga shule nyingi kati ya hizo, pamoja na chuo hicho, baada ya kutangaza Hali ya Hatari mwaka 1952. Uhuru ulipokuja, watu walewale walichanga tena, mbuzi na mahindi na pesa za kahawa, wakajenga shule za Harambee. Kwa hiyo shosho anayeingia langoni kwa hatua za polepole, kitambaa kichwani, anaingia mahali ambapo pengine baba yake alibebea mawe. Mwalimu wa miaka 24 anayemwacha asimame huku akimaliza kuandika ujumbe kwenye simu hajui anayemwacha amesimama ni nani. Madam humwonyesha mgeni kwa vitendo: anainuka, anampokea mkoba, anatafuta kiti kwanza.

Anajua pia saa za watu. Othaya na Tetu, siku ya kuchuma majani chai mama hawezi kuja saa nne asubuhi. Majani yakikaa yanaharibika na kituo cha kununulia hakingoji. Kieni na huko Timau, wazazi wanaofanya kazi katika mashamba ya maua huondoka alfajiri na hukatwa mshahara wakikosa. Karatina, siku ya soko, mama muuza viazi yuko sokoni kabla jua halijatoka. Meru, upande wa Igembe, mwalimu anashindana na miraa yenyewe, maana mvulana anayejua kuipanda na kuichuma ana pesa mfukoni kabla ya kengele kulia. Mwalimu mpya huita mkutano saa nne asubuhi, wanakuja wazazi sita, naye anaandika kwenye ripoti kwamba wazazi hawajali. Madam humwambia aulize kwanza kamati ya wazazi wa darasa, kisha aweke mikutano miwili midogo, mmoja jioni, mmoja Jumapili baada ya ibada. Wanakuja.

Kuna jambo analolisisitiza kuliko yote: mzazi asipate simu ya kwanza kutoka shuleni ikiwa ya malalamiko. Majuma ya mwanzo ya muhula, mwalimu aandike katika shajara ya kila mtoto sentensi moja ya kweli na mahususi. "Mtoto ni mzuri" haitoshi, kwa kuwa hata asiyemjua anaweza kuiandika. Aandike, "Leo ameeleza vizuri jinsi mvua inavyotokea," au "Amemgawia mwenzake penseli." Mzazi anayeitia sahihi shajara hiyo anajua kwamba huyu mwalimu mpya amemwona mtoto wake. Siku ya lawama ikifika, na itafika, inaikuta akiba.

Na simu yenyewe ina utaratibu wake. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la Hillside Endarasha Academy, huku Kieni, na wavulana 21 wakapoteza maisha. Tangu hapo hakuna mzazi wa Nyeri ambaye nambari ya shule ikitokea kwenye simu moyo haumpigi. Madam huwafundisha walimu wageni kwamba maneno ya kwanza, kabla ya salamu, kabla ya kujitambulisha, ni haya: "Mtoto yuko salama, yuko hapa darasani." Halafu unanyamaza kidogo, umpe mama nafasi ya kupumua. Ndipo unasema jina lako na unachopigia. Sijawahi kusikia somo la ualimu lenye huruma kuliko hilo.

Mzazi akija, mazungumzo hayafanyiki katika ofisi ya walimu ambako watu kumi wanasahihisha madaftari na kusikiliza. Kuna benchi nje, chini ya mti. Madam huketi upande mmoja na mzazi, bega kwa bega, na daftari la mtoto likiwa magotini mwao wote wawili. Humwita kwa jina la mtoto, Mama au Baba fulani, kwa heshima ya wenyeji. Huanza kwa kuuliza, "Nyumbani yukoje?" na husikiliza hadi mwisho. Nusu ya wakati jibu hilo linaeleza kosa lote: baba anakunywa, mama yuko Nairobi kikazi, mtoto analala kwa jirani. Yule kijana wa Kakamega hakujua Kikuyu, na shosho wengi wa pale Kiswahili chao ni cha sokoni. Alikuwa ameanza kumtumia mtoto mwenyewe kutafsiri. Madam alimkataza kwa upole: mshtakiwa asiwe mkalimani wa kesi yake, na mzee asiaibishwe mbele ya mjukuu. Walimtafuta mpishi wa shule. Naye kijana akajifunza salamu za Kikuyu na namna ya kushukuru, akazitamka vibaya, na wazee wakampenda kwa hizo.

Halafu linakuja lile neno ambalo kila mwalimu wa huku amelisikia. Mzazi aliyechoka anamtazama mtoto, anamtazama mwalimu, anasema: "Mchape tu, mwalimu. Nimekupa ruhusa." Mwalimu mpya hapa huteleza kwa njia mbili. Ama anafurahi kupewa ruhusa ambayo mzazi hana mamlaka ya kuitoa, ama anaanza kumsomea mzazi sheria na kumfanya ajione mjinga. Nilimsikia Madam akijibu. "Asante kwa kuniamini naye, Baba. Kumchapa sitamchapa, sheria imekataza na mimi mwenyewe sitaki. Lakini kuna kitu nakuomba." Kikawa kimoja, kidogo, kinachowezekana: kila jioni baba aulize aone daftari, hata kama hawezi kulisoma, na atie alama ya kalamu pembeni. Wakapanga siku ya kuzungumza tena. Mtoto akaitwa mwishoni, na baba ndiye aliyemweleza walichoafikiana. Madam alinyamaza kabisa. Siku waliyopanga ilipofika, alipiga simu yeye, saa ileile.

Wapo walimu wa Kenya ambao ulimwengu umewaona kwa kazi ya aina hii. Peter Tabichi, mtawa wa Wafransisko aliyefundisha sayansi katika shule ya kutwa ya Keriko, Nakuru, alipewa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019 pamoja na dola milioni moja, na katika sifa zake ilitajwa kwamba alizitembelea familia za wanafunzi waliokuwa hatarini kuacha shule. Alistahili. Nchini kuna wengine wengi wanaoshuka mabonde na kuvuka mito kwenda kuketi jikoni kwa mzazi.

Madam anajua pia mpaka wa kazi yake. Mtoto anayekuja na alama mwilini, au aliyebadilika ghafla bila sababu, hajaribu kumtibu kwa mbinu za darasani. Anampeleka kwa mwalimu wa ushauri nasaha, anamjulisha mwalimu mkuu, na ikibidi afisa wa watoto anaitwa siku hiyohiyo. Darasa la watoto 50 au 60 linabaki kubwa mno hata kwake, na hakuna ustadi unaofuta hilo. Zipo siku anatoka akiwa amechoka hadi hawezi kula.

Walimu wetu hustaafu wakiwa na miaka 60, na yeye hajabakiza mingi. Madaftari yake ya mstari wa katikati yamejaa boksi la karatasi chini ya meza. Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu na bodi za shule, Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi, Meru na Laikipia: mnapopanga ratiba ya Januari, mpunguzieni mwalimu mkongwe mmoja vipindi viwili kwa juma, na mgeni viwili, waketi kila mmoja katika darasa la mwenzake muhula wote wa kwanza. Haihitaji bajeti. Nawe mzazi ambaye mtoto wako amepata mwalimu mpya mwaka huu, nenda shuleni kabla hujaitwa, mwambie jina lako, na umwachie nambari ya simu inayopatikana.